Rimasta za albamu za soul (albamu za zamani zilizoandaliwa upya): nimepigwa, au masikio yangu ndo yamezoea mikwaruzo?

"Fundi habari za kazi. Marehemu baba alituachia santuri zake za soul, moja ni Otis Blue ya Otis Redding, ya mono, imechakaa ila bado inapiga, pamoja na CD ya zamani ya What's Going On ya Marvin Gaye. Nikaamua nimnunulie mama mpya, nikaagiza zote mbili Uingereza, zimeandikwa 'remastered', santuri ni ya gramu 180 na ushuru nikalipia juu. Mama kusikia tu I've Been Loving You Too Long akasema huyu sio Otis wa baba yenu, wamembadilisha. Mimi nikaona ni mambo ya kumbukumbu tu. Ila CD ya Marvin mwanzoni niliipenda kweli, ina nguvu, ile ya zamani ikaonekana imepoa, lakini nikifika katikati masikio yanachoka natamani kuzima. Rafiki yangu mmoja anasema rimasta zote ni wizi, mwingine anasema sisi masikio yetu yamezoea mikwaruzo ya mzee. Je nimepigwa? Nizirudishe? Na bado nataka kumtafutia mama Al Green na Curtis Mayfield, safari hii nichague vipi?"

Nzuri ndugu yangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Mtu aliyetunza Otis Blue ya mono mpaka ikarithiwa alikuwa anajua anachokipenda. Umeuliza maswali mawili ukayafunga kamba moja, la Otis ni jambo moja na la Marvin ni jambo lingine kabisa, na ukiyachanganya ndo unaishia kwenye ubishi wa hao marafiki zako wawili. Nianze na la mama kwa sababu ndo jepesi, na kwa sababu mama yako yuko sahihi.

I've Been Loving You Too Long ilirekodiwa studio ya Stax, Memphis, Aprili 1965 ikatoka kama singo, mono, yaani sauti yote kwenye chaneli moja. Stax wakati huo ilikuwa kwenye jumba la sinema la zamani pale McLemore Avenue, sakafu bado imeinama vilevile kama ya sinema, wapigaji wote chumba kimoja, wanapiga pamoja inaingia kwenye tepu imekwisha. Julai mwaka huohuo Otis akarudi kufanya albamu, na sehemu kubwa ya albamu ile ilirekodiwa ndani ya siku moja na ushee, walianza saa nne asubuhi tarehe 9, wakasimama saa nne usiku kwa sababu wapigaji wa Stax walikuwa na shoo zao mjini, wakarudi saa nane usiku wakaendelea mpaka mchana wa tarehe 10. Injinia alikuwepo Tom Dowd, kaletwa na kampuni ya Atlantic kutoka New York, na safari hii walitaka albamu ipatikane na kwa stereo, chaneli mbili, kushoto na kulia. Sasa shida ikawa hapo, ule wimbo wa Aprili ulikuwepo kwa mono tu, na wakati ule hakukuwa na kompyuta ya kuutenganisha sauti. Wakaurekodi upya. Santuri ya mono ikabaki na ile ya singo, santuri ya stereo ikabeba ile iliyoimbwa upya.

Kwa hiyo mama yako alivyosema huyu sio Otis wa baba yenu, alichosikia ni Otis yuleyule lakini siku nyingine, anavuta maneno sehemu nyingine, anapumua sehemu nyingine, na wale jamaa wa tarumbeta nao wanaingia tofauti kidogo. Mtu aliyesikiliza wimbo mmoja miaka na miaka anajua kila pumzi ilipo, hiyo ni kumbukumbu ndio, ila ni kumbukumbu iliyo sahihi, umwombe radhi kwa kumdhania. Geuza kasha la santuri yako mpya, nina uhakika utakuta imeandikwa stereo. Hakuna aliyekuibia wala rimasta haihusiki kabisa hapa, umenunua toleo lingine la albamu. Tafuta toleo la mono, limerudishwa sokoni, au kama mnayo plea ya CD tafuta lile la CD mbili walilotoa kampuni ya Rhino 2008, lina mono na stereo yote mawili, mama anapata wake na wewe unapata wa kulinganisha. Na hiyo ya stereo usiirudishe, ni nzuri yenyewe, Respect ya Otis imo humo, miaka miwili kabla Aretha Franklin hajaichukua akaifanya ya kwake.

Sasa tuje kwa Marvin, hapo ndo pana kazi.

Watu wengi wanadhani rimasta maana yake mtu amekaa na ule wimbo upya, akapunguza tarumbeta, akapandisha gitaa, akasafisha sauti ya mwimbaji. Hapana, hiyo ni rimiksi. Albamu ya enzi zile ilipita mikono mitatu. Kwanza kurekodi, kila chombo kwenye chaneli yake au vyombo viwili vitatu kwenye chaneli moja kwa sababu chaneli zenyewe zilikuwa chache. Pili kumiksi, zile chaneli zote zinayeyushwa zinakuwa mbili, kushoto na kulia, zinaingia kwenye tepu moja ambayo ndo tunaiita tepu mama. Tatu mastaringi, ile tepu mama inachukuliwa inaandaliwa iwe santuri au kaseti au CD. Rimasta ni ile hatua ya tatu peke yake kurudiwa upya. Mtu wa mastaringi akiongeza besi anaongeza gitaa la besi na teke la drams na mguno wa chini wa piano kwa pamoja, hana namna ya kuchagua mmoja, kazi yake inafanyika juu ya wimbo mzima ulioshaungana. Ndo maana rimasta nzuri mara nyingi huwezi kuielezea imebadilisha nini, unaona tu unasikiliza mpaka mwisho.

What's Going On yenyewe ina mfano mzuri wa tofauti hiyo. Ilimiksiwa kwanza Detroit Aprili 1971, halafu ikachukuliwa Los Angeles ikamiksiwa tena, na hiyo ya Los Angeles ndo tuliyoizoea wote, ndo iliyotoka Mei 1971. Ile ya Detroit ikakaa kabatini miaka thelathini mpaka toleo maalum la 2001 likaiweka. Kama CD yako mpya ni ya diski mbili, angalia usije ukawa unalinganisha CD ya mzee na miksi ya Detroit, ukasema rimasta imehamisha vyombo wakati ni miksi tofauti.

Jambo la pili ambalo halisemwi vya kutosha ni hili: rimasta imetoka kwenye tepu ipi? Tepu mama ni moja. Ila kwa kazi za kiwandani walikuwa wanatoa kopi, na kopi ile ilikuwa imeshachezewa makusudi, besi imepunguzwa na kukusanywa katikati, sauti kali za juu zimebanwa, kwa sababu besi kubwa iliyokaa upande mmoja inaweza kurusha sindano nje ya mfereji wa santuri. Nchi nyingine walitumiwa kopi ya hiyo kopi. Ni fotokopi ya fotokopi, maandishi yanasomeka ila kingo zimefifia. Zilipokuja CD miaka ya 80 kampuni zilikuwa na haraka ya kuuza, zikachukua tepu yoyote iliyokuwa karibu, na mara nyingi iliyokuwa karibu ni ile kopi ya kukatia santuri. Kwa hiyo ukisema CD ya mzee imepoa, inawezekana kabisa imepoa kweli, haijawa bora kwa sababu tu ni ya zamani. Hapo rafiki yako wa kwanza anakosea. Kuna rimasta nyingi zilizofanywa kwa sababu mtu hatimaye alikwenda stoo akaipata tepu mama halisi, akaipiga kwenye mashine iliyopangwa vizuri, na ukisikia unajua pazia limeondolewa.

Kuna na upande wa huzuni. Februari 1978 stoo ya Atlantic iliyokuwa Long Branch, New Jersey iliungua, zikapotea tepu maelfu za miaka ya mwisho ya 40 mpaka 1969, hasa zile za mazoezi, za majaribio na za chaneli nyingi. Tepu mama nyingi za nyimbo zilizotoka zilikuwa kwingine zikapona, ila ndo sababu nyimbo nyingi za soul za Atlantic huwezi kuzirimiksi leo hata ukitaka, chaneli zake hazipo duniani. Juni 2008 ukatokea moto mwingine kwenye stoo ya kampuni ya Universal kule Hollywood, na ukubwa wa hasara ile ulikuja kujulikana kwa umma 2019 gazeti la New York Times lilipoandika, kampuni yenyewe ikabisha kiwango. Na hata tepu ambayo haijaungua inazeeka, tepu nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 70 gundi yake inavuta unyevu hewani mpaka inanata kwenye mashine, inabidi zipashwe kwenye oveni maalum kwa moto mdogo wa nyuzi 54 hivi kwa masaa mengi, halafu zinakubali kupigwa kwa muda kabla hazijanata tena. Kwa hiyo ukiona rimasta ya 2020 na kitu sio lazima iwe na afya kuliko ya 1990, tepu ilikuwa kijana zaidi 1990.

Sasa uchovu wako wa masikio. Hapa nakuomba unifuate taratibu kwa sababu ndo kiini cha swali lako.

CD ina kikomo cha juu. Ukikifikia umefika, hakuna sauti kubwa zaidi ya hapo. CD za mwanzo za soul, ule mpigo mkali kabisa wa ngoma ya snea ndo uliokuwa unagusa kikomo, na muziki wenyewe wa kawaida, sauti ya mwimbaji na besi na nyuzi, ulikuwa chini yake sana, desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 15 au zaidi. Hiyo nafasi katikati ndo inayofanya mpigo uruke utoke nje ya spika. Kuanzia miaka ya 90, na miaka ya 2000 ndo ikawa mbaya zaidi, kampuni zikaanza kushindana CD ya nani inalia juu zaidi bila msikilizaji kugusa volyumu. Njia ni limita, mashine au programu inayokata vile vilele vya mipigo, na ukishavikata unapata nafasi ya kuinua kila kitu kingine juu. Sasa kila kitu kiko juu. Mnong'ono uko juu, drams ziko juu, violini ziko juu, hata ile shhh ya tepu imepanda nayo.

Na sikio la binadamu lina tabia moja ambayo wauzaji wote wa redio na spika wanaijua: ukipewa sauti mbili zinazofanana, moja imezidi kwa desibeli moja tu, utasema hiyo iliyozidi ni safi zaidi, ina besi zaidi, ina uhai zaidi. Hutasema ina sauti kubwa, utasema ni bora. Halafu kuna la pili, kwenye sauti ndogo masikio yetu yanapungukiwa besi, hilo limepimwa tangu miaka ya 30, kwa hiyo ile CD ya zamani iliyoko chini inaonekana haina besi wakati besi ipo imejaa. Ndicho kilichokupata dakika za kwanza. Ulikuwa unalinganisha volyumu, hukuwa unalinganisha albamu.

Uchovu unakuja baadaye kwa sababu mpigo haurudi chini ukapumzika. Na mara nyingi wanaofanya hivyo wanaongeza pia zile sauti za juu katikati, eneo ambalo sikio ndo kali kuliko yote, ndo sauti ya mtoto mchanga anapolia iko huko, ili wimbo usikike hata kwenye spika ndogo ya simu. Inasaidia nusu dakika dukani. Dakika 35 za albamu nzima hazivumiliki, na nyimbo nyingi za What's Going On zimeungwa moja kwa nyingine, mapengo ya kupumulia ni machache.

Fanya jaribio hili kabla hujarudisha kitu. Weka CD ya mzee, wimbo wa kwanza, panga volyumu unayoipenda, simu yako ina programu za kupimia sauti zipo za bure, iweke pale unapokaa uone inasoma ngapi Marvin akiwa anaimba. Weka hiyo mpya, shusha volyumu mpaka isome vilevile, au kama huna programu shusha mpaka sauti ya Marvin ikae sawa na ile ya kwanza, ujifanyie haki kabisa hapo. Halafu usisikilize wimbo, sikiliza vitu. Ile saksafoni ya Eli Fontaine inayofungua, je inasimama sehemu yake au imegandamana na kelele za wale jamaa wanaosalimiana? Gitaa la besi la James Jamerson, unasikia kidole kinaachia uzi au ni mvumo tu unaopita? Halafu Marvin mwenyewe, kuna Marvin wawili pale, aliimba mara mbili achague moja, injinia Ken Sands akawa amezipanga pamoja kwenye tepu zikapigwa kwa wakati mmoja, Marvin akasikia akaona hapohapo ndo penyewe, akaziacha zote. Kwenye toleo zuri unaweza kumfuata Marvin mmoja mwanzo mpaka mwisho huku mwingine anamjibu. Kwenye toleo lililobanwa wanakuwa mtu mmoja mwenye sauti nene.

Ukishasawazisha volyumu na bado mpya inashinda, ibakize, umepata toleo lililotoka kwenye tepu nzuri na uchovu wako ulikuwa wa volyumu tu. Ikishindwa, rudisha au uza bila huruma, na ile ya mzee itunze. Mimi binafsi nimeona matokeo yote mawili, na ndo maana siwezi kusema na rafiki yako wa kwanza kwamba zote ni wizi.

Kwa wanaosikiliza kwa simu, nao wajue kitu. Huduma kubwa za muziki mtandaoni siku hizi zinasawazisha zenyewe, Spotify kwa mfano wanalenga LUFS -14, hicho ni kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti, kwa hiyo rimasta iliyobanwa ikapandishwa inashushwa tena ifanane na wenzake. Faida ya kelele imekufa hapo, ila vile vilele vilivyokatwa havirudi. Wahandisi wengi wameliona hilo na rimasta nyingi za miaka ya karibuni zimetulia kidogo, sio zote.

Jambo lingine linalochosha, ila hili linachosha kwa ukimya, ni kusafisha kupita kiasi. Ile shhh ya tepu watu wa ofisini huiona ni uchafu. Kuna programu za kuiondoa na zikitumiwa kwa mkono mwepesi ni msaada mkubwa. Zikitumiwa kwa pupa zinakula na vitu vinavyofanana na shhh, yaani mkia wa sahani ya drams inapofifia, pumzi ya mwimbaji, hewa ya chumba. Sikiliza mwisho wa wimbo unapofifia, kama sauti inaingia kwenye giza ghafla au inakuwa na mlio wa majimaji, wamesafisha mno. Soul ni muziki wa watu wengi ndani ya chumba kimoja. Ukikiondoa chumba umebakiwa na watu wanaimba hewani, mimi hilo linaniuma kuliko hata limita.

Kuhusu hizo gramu 180, ndugu yangu, hizo umelipia posta. Santuri nzito haipindi kirahisi na inakaa vizuri kwenye mashine, basi, mfereji una kina kilekile na muziki ni uleule. Hata neno analogi kwenye kasha lisikutie wazimu. Mwaka 2022 ikajulikana kwamba kampuni ya Mobile Fidelity, inayoheshimika sana kwa santuri za bei ya juu na What's Going On wamewahi kuitoa, ilikuwa inapitisha kazi zake nyingi kwenye hatua ya dijitali tangu 2011 huku wateja wakiamini ni tepu moja kwa moja. Ilifika mahakamani wakakubali kulipa fidia, na kudanganya ni kudanganya. Lakini jiulize, wapenzi wenye mitambo ya mamilioni walizisikiliza santuri hizo zaidi ya miaka kumi wakizisifia, hakuna aliyegutuka kwa sikio. Dijitali iliyofanywa kwa uangalifu sio adui, adui ni pupa. Na ukikuta watu wanakuonyesha vipimo kwamba santuri ina upana wa sauti kuliko CD ya rimasta ileile, vichukue kwa tahadhari, santuri ikipigwa sindano na umeme wake vinabadilisha umbo la wimbi na kipimo kinasoma juu hata kama mastaringi ni moja.

Rafiki yako wa pili naye nimpe haki yake. Ni kweli tunazoea. Santuri ya mzee ikiwa imechakaa ile mifereji ya karibu na katikati sauti za "s" zinakuwa zinakwaruza, na mtu aliyekua nayo anaweza kuona toleo safi limekosa kitu. Ila mazoea hayaumizi kichwa. Ukichoka na kutamani kuzima hiyo sio mazoea, mwili unakuambia kitu, uusikilize.

Al Green na Curtis sasa. Cha kwanza kabisa hakikisha ni rekodi ya asili. Waimbaji wengi wa soul walikuja kurudia nyimbo zao miaka ya baadaye kwa kampuni nyingine kwa sababu tepu za mwanzo hazikuwa mali yao, na hizo marudio zimejaa kwenye CD za mkusanyiko za bei chee na mtandaoni, picha ya ujana, sauti ya uzee. Angalia mwaka na lebo: Al Green unayemtaka ni wa Hi Records, Let's Stay Together ya 1972 na I'm Still in Love with You ya mwaka huohuo. Curtis ni Curtom, Curtis ya 1970 na Superfly ya 1972. Nunua albamu, acha mkusanyiko.

Al Green ndo kipimo kizuri kuliko vyote cha rimasta. Willie Mitchell alimrekodi Royal Studios, Memphis, nayo ilikuwa sinema, na alimsukuma asiimbe kwa nguvu, aimbe karibu na kwa upole. Albamu zile zote zimejengwa juu ya umbali kati ya ule mnong'ono na mpigo mzito wa drams ulio nyuma yake. Kwenye toleo lililobanwa mnong'ono unapanda unakuwa sawa na drams, Al anakuwa kama anakupigia kelele kwa sauti ndogo. Ukisikia sampuli mtandaoni na hilo lipo, acha. Kwa Superfly sikiliza konga za Master Henry Gibson kwenye Pusherman, kila kiganja kiwe na ngozi yake, zisigeuke tikitiki za juu.

Ukishika santuri yenyewe tazama kwenye ule ukingo laini ulio kati ya mfereji wa mwisho na lebo, kuna herufi zimechongwa kwa mkono. Hizo ni sahihi za waliokata: KPG ni Kevin Gray, BG ni Bernie Grundman, RKS ni Ryan K. Smith, na kwenye za zamani RL ni Bob Ludwig. Sio dhamana ya mbinguni lakini mtu anayesaini kazi yake ana jina la kulinda. Kampuni inayosema wazi tumetoa tepu mama, fulani amefanya kazi, mwaka huu, nayo inastahili pesa yako kuliko inayoandika tu "remastered" kwa herufi za dhahabu halafu kimya. Uwe makini hasa na santuri za bei ya kutupa kutoka Ulaya zenye nyimbo za kabla ya 1963, akina Ray Charles na Etta James wa mwanzo. Kisheria kule ulinzi wa rekodi hizo umeshaisha, kwa hiyo yeyote anaweza kuchapa bila kugusa tepu, anachukua CD ya mtu mwingine anaikatia santuri. Ni halali kule, lakini unalipia santuri kusikia CD.

Mambo mawili ya mwisho ambayo siwezi kukusaidia kwa maandishi. Ile Otis Blue ya mzee acha kuipiga kila wiki mpaka fundi wa mashine za santuri ameiona sindano yako kwa macho, kwa kioo cha kukuzia, na kupima uzito wake kwenye mkono. Sindano iliyochongoka vibaya inachonga mfereji na ule uharibifu haurudi. Ukipata fundi mwombe hapohapo akuhamishie kwenye kompyuta kwa biti 24, asiipandishe sauti mpaka kikomo, na asiisafishe, kopi ya kwanza ibaki na mikwaruzo yote, kusafisha mtafanya kwenye kopi ya pili. Kama mko Pwani na makasha yameanza kuota ukungu usifute kwa kitambaa kikavu, mpelekee zikiwa hivyohivyo.

La pili ni masikio yako. Ukisawazisha volyumu na uchovu ukaisha, tumemaliza. Lakini ukiona hata CD ya mzee, hata redio, hata mtu akiongea kwa nguvu vinakuchosha vilevile, au usiku kukiwa kimya unasikia mlio masikioni, au sikio moja limepungua kuliko lingine, hiyo haihusiani na rimasta, nenda hospitali umwone daktari wa masikio apime, na kama ni ghafla ndani ya siku moja mbili usisubiri wiki ijayo, nenda siku hiyohiyo.

Jaribio la Marvin likiisha niandikie matokeo na namba ya katalogi iliyoko kwenye mgongo wa kasha, ya mzee na ya mpya zote mbili, tuone ni toleo la mwaka gani na kama linafaa kurudishwa kabla muda wa duka haujapita.